Mstaafu wa Jeshi Akiingia Msituni: Mwongozo wa Uanagenzi wa Miezi Tisa kwa Vijiji vya Dodoma

Mwanajeshi mstaafu akikabidhiwa msitu wa kijiji, kesho yake alfajiri ataomba watu sita waende doria. Ndiyo kazi aliyoizoea, na ataifanya vizuri kuliko yeyote kijijini. Lakini doria ya mtu asiyeijua mipaka, asiyejua nani anachunga wapi na kwa makubaliano gani, huzaa ugomvi kabla ya kuokoa hata mti mmoja. Ndiyo maana humu doria inakuja mwezi wa nne wa mafunzo. Kabla yake kuna mikutano, mkuza (njia inayofyekwa mpakani) na visiki.

Mwongozo ni wa kamati za maliasili za vijiji, vikundi vya mazingira na ofisi za misitu za wilaya wanaotaka kumpokea mstaafu mmoja hadi wanne kujifunza kazi ya misitu kwa vitendo. Wakizidi wanne katika kijiji kimoja wanageuka kikosi: wanakula peke yao, wanapanga kazi peke yao, na wanakijiji wanakaa pembeni wakitazama.

Anza Mei, maliza Januari

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka wa kawaida. Kazi zote za msitu zinaifuata. Mei na Juni ni mipaka na barabara za kuzuia moto, maana nyasi zimesimama lakini hazijakauka sana. Julai hadi Septemba, mavuno yakishatoka shambani, ni visiki hai na vipimo. Agosti hadi Oktoba ni moto na doria. Oktoba na Novemba ni kuchimba makingamaji. Desemba na Januari ni kupanda na kuhesabu. Anayeanza Septemba anaukuta moto kabla hajaijua njia ya kutokea. Msimpokee mwezi huo, hata akija na barua nzuri namna gani.

Karatasi kabla ya panga

Jueni kwanza msitu ni wa nani. Kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kuna misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Ukiwa wa taifa, mlango ni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ukiwa wa halmashauri, ni afisa misitu wa wilaya. Ukiwa wa kijiji, ni halmashauri ya kijiji na kamati yake ya maliasili, na mstaafu atambulishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kutambulishwa kwa mwenyekiti peke yake hakutoshi, kwa sababu mfugaji atakayekutana naye porini hakuwepo ofisini kwa mwenyekiti siku ile.

Makubaliano yaandikwe ukurasa mmoja, nakala tatu: tarehe za kuanza na kumaliza, siku za kazi kwa wiki (nne zinatosha), posho kiasi gani na inalipwa na nani, nani anagharimia matibabu akiumia, vifaa vipi ni vya kijiji na vipi ni vyake. Ongezeni sentensi mbili zisizo na utata. Ya kwanza: mwanagenzi hana mamlaka ya kukamata mtu wala kutoza faini. Ya pili: haji kazini na kombati wala kofia ya jeshi. Kuvaa sare za jeshi bila mamlaka ni kosa kisheria, na hata kama isingekuwa kosa, sare inafunga midomo ya watu. Mchoma mkaa anayekimbia hakuelezi mkaa anauuza wapi.

Historia ya Dodoma yenyewe inaonyesha kwa nini sentensi hizo mbili zina uzito. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini mzigo uliwaangukia wenye ng'ombe, na uchungu wa kuhamishiwa mifugo haufutwi na nyasi. Upande wa Singida, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori viliingia miaka ya 1990 kwa njia nyingine: waliweka kanuni zao na kulinda wao wenyewe. Mstaafu asomewe mifano hii miwili wiki ya kwanza, kisha aulizwe kijiji hiki kinafuata upi.

Jinsi ya kuitana na kuagizana

Mara nyingi mwalimu wake atakuwa bwana au bibi misitu wa miaka 28, na yeye ana 52. Kijana aanze na shikamoo, kisha amfundishe bila kuona haya. Heshima ikishatolewa asubuhi, maelekezo ya mchana hayamuumi mtu. Wanakijiji watamwita "Afande" wapende wasipende. Wanakamati wajitahidi kumwita "Mzee" au jina la mwanawe. Naye ajifunze kusema "mbukwenyi" anapowakuta wazee wa Kigogo chini ya mbuyu, na akae asalimiane mpaka mwisho kabla ya kuuliza ng'ombe wanakunywa wapi.

Mkuza na ramani

Hapa mstaafu ana cha kuwafundisha wengine: dira, kuhesabu hatua, kusoma mistari ya mwinuko. Mpeni kazi hii mapema ili aingie kwa heshima yake. Tembeeni mpaka wote pamoja na wazee wa kijiji jirani. Wasiposhirikishwa, alama za rangi zitakwanguliwa. Kila mita 100, na kila mpaka unapokunja kona, pakeni pete ya rangi nyekundu yenye upana wa sentimita 15 kwenye mti hai, usawa wa kifua. Msipige misumari. Mkuza wenyewe uwe mita 2 tu, wa kupita mtu.

Mitego ya ramani ni miwili, na yote imeshawahi kuhamisha mipaka ya watu. Wa kwanza: ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia marejeo (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, na simu inatumia ya WGS84. Nukta ileile inahama karibu mita 300, ukubwa wa mashamba kadhaa. Wa pili: mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa. Magharibi yake ni kanda ya UTM (mfumo wa gridi ya ramani) 36 Kusini, mashariki ni 37 Kusini. Ukichanganya nukta za kanda mbili kwenye daftari moja bila kuandika kanda, mchoraji atakuchorea msitu wenye vipande viwili vilivyoachana kwa mamia ya kilomita. Andikeni kanda na marejeo juu ya kila ukurasa, au tumieni nyuzi za kawaida za latitudo na longitudo tangu mwanzo.

Barabara ya kuzuia moto

Upana mita 5, ikafika 10 pale ambapo nyasi zinamzidi mtu urefu. Fyekeni, kisha vuteni majani yote kuelekea nje ya msitu na kuyatawanya. Rundo likiachwa upande wa msitu linakuwa kiberiti. Penye tambarare palimwe mpaka udongo uonekane. Penye mteremko msilime. Fyekeni nyasi ziwe fupi kabisa na mizizi ibaki. Barabara iliyolimwa mlimani inapokea mvua ya Desemba kama mfereji, na baada ya miaka mitatu mnakuwa na korongo mahali pa barabara. Kosa hili hufanywa na watu wenye bidii sana, na wastaafu wana bidii.

Kuchoma nyasi kwa makusudi, hata ndani ya barabara, kunahitaji kibali. Kama mtachoma, iwe Mei au Juni mwanzoni, mapema asubuhi, upepo ukiwa mdogo.

Kisiki hai: kazi kuu

Mkoani Dodoma sehemu kubwa ya miti iliyokatwa bado iko hai chini ya ardhi. Migunga, mikole na mingine mingi inachipua kila mwaka, inaliwa na mbuzi, inachipua tena. Kisiki chenye mizizi ya miaka ishirini kinamshinda mche wowote wa kununua, maana maji kinajua yaliko. Hii ndiyo kazi inayostahili siku nyingi za mwanagenzi, na inaonekana ndogo mno kwa macho ya mtu aliyezoea operesheni. Hatua ni nne: kuchagua, kupogolea, kuweka alama, kulinda.

Vifaa kwa mtu mmoja: msumeno mdogo wa kupogolea, panga jepesi, tupa, glavu za ngozi, kitambaa chekundu kilichochanwa vipande 50, na daftari.

Kuchagua. Zunguka kisiki kizima kwanza. Chipukizi zinaweza kuwa ishirini. Bakiza mbili hadi nne, zilizonyooka, nene, zinazotokea chini karibu na udongo, na zilizoachana pande tofauti. Inayotokea juu ya kisiki kilichooza usiibakize hata kama ni ndefu kuliko zote, maana imeshikamana na gome tu na upepo wa Agosti utaibandua.

Kupogolea. Piga goti. Shika chipukizi la kuondolewa kwa mkono usio na msumeno, juu, mbali na njia ya meno, ulivute kidogo upande wako lisibane. Anza kukata kwa chini ukielekea juu, karibu kabisa na shina mama, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Mwishoni lipunguzie uzito kwa kulishika, usiliache lianguke lenyewe, kwani likianguka linachuna ukanda wa gome kushuka hadi kwenye mizizi, na kidonda hicho ndicho mlango wa mchwa. Panga likitumika liwe linanyoa, na pigo moja tu, kutoka chini kwenda juu. Panga butu linalopigwa mara nne linapasua kisiki. Baada ya hapo ondoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kila chipukizi lililobaki. Usizidi nusu. Ukiacha kishungi cha majani kileleni tu, chipukizi linarefuka kwa haraka, linalala na upepo, na halinyanyuki tena.

Alama. Funga kitambaa kwenye chipukizi nene kuliko yote, fundo legevu, usawa wa macho ya mtu anayeongoza plau. Alama ni kwa ajili yake huyo: Novemba akikatiza na maksai anatakiwa aone kisiki kabla hajafika.

Kulinda. Matawi uliyokata, hasa ya miiba, yazungushe kwenye kisiki. Usiyachome. Rudi baada ya miezi miwili, ng'oa machipukizi mapya yangali laini kwa kidole. Ukichelewa mpaka Februari utahitaji msumeno tena.

Mtu aliyezoea anamaliza visiki 25 hadi 30 kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza kumi vinatosha, na vikaguliwe vyote na mwalimu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye mashamba ya kukodi. Mkodishwaji anakubali, mnapogolea visiki arobaini, msimu unaofuata mwenye shamba anarudi na kuvifyeka vyote apate kulima bila usumbufu. Mtafuteni mwenye shamba, si mlimaji tu. Na mke wake pia, kwa sababu mwenye kuamua kipi ni kuni kwa kawaida ni yeye.

Vipimo

Kila hekta kumi, plani moja (eneo dogo la kupimia) ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15. Chomeka mti katikati, funga kamba ya katani (ya nailoni inavutika), izungushe ikiwa imelala sawa hata penye mteremko. Ndani ya duara pima kila mti kwa tepu ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini upande wa juu wa mteremko. Gawanya mzunguko kwa 3.14 upate kipenyo. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni miti miwili. Hesabu pia visiki vyenye chipukizi, visiki vikavu, na visiki vibichi vilivyokatwa mwaka huu. Duara hilo lina mita za mraba 707, hivyo zidisha wastani kwa 14.1 kupata idadi kwa hekta. Plani tano zikiwa na wastani wa visiki hai 9, una visiki kama 127 kwa hekta. Namba hiyo ndiyo itakayowaambia kama kuna haja ya kupanda mche wowote.

Katikati ya plani zisichaguliwe kwa macho. Gawanyeni ramani kwa miraba, mwende pale nukta inapoangukia, hata kama ni kichakani. Mstaafu atatii hili. Wengine huhamia penye kivuli.

Doria

Sasa mipaka anaijua, wachungaji wanamjua, na visiki vibichi vimeshaonyesha wezi wanapita upande gani. Doria iwe ya watu wanne, wawili wakiwa wanakamati wenye mamlaka ya kijiji, mchana, bila silaha. Kazi ya mwanagenzi ni kuandika: tarehe, saa, nukta, kilichoonekana, picha. Tanuri la mkaa likikutwa linafuka, msilibomoe kwa mikono wala kulimwagia udongo mkiwa mmesimama juu yake. Paa lake hudidimia na mtu huingia kwenye makaa mpaka magotini. Mali iliyokamatwa inaorodheshwa palepale na kuondoka na kamati, na kila faini ina stakabadhi. Kukimbizana na watu usiku marufuku.

Moto ukizuka

Watu wasiopungua wanane, nguo za pamba, viatu vya ngozi. Polista inayeyukia mwilini. Maji ya kunywa lita 1 kwa kila mtu kwa kila saa, mbali na yale ya pampu za mgongoni. Mmoja asimame mahali pa juu, asizime moto, kazi yake ni kuangalia upepo, ambao miezi hii huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kupuliza filimbi ukibadilika. Anzeni nyuma ya moto, mkipanda pembeni mwake kwa matawi mabichi na reki. Msiukabili usoni wala kusimama mlimani juu yake. Pahali salama ni palipokwisha ungua. Kila mtu atajiwe njia mbili za kutokea kabla hajashika tawi.

Mwili na akili

Pimeni shinikizo la damu kabla ya siku ya kwanza. Magoti na mgongo ndivyo vinavyowatoa wastaafu wengi kazini, na sululu ya Oktoba haimjali aliyewahi kuwa shupavu. Si aibu kugawa kazi kwa umri. Marekani mwaka 1933, Rais Roosevelt aliporuhusu wastaafu wa vita 25,000 hivi, wengi wao wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuingia katika kikosi cha vijana cha kutunza misitu, waliwekwa kwenye kambi zao na kupewa kazi zinazolingana na umri na afya zao. Mzee aliyepigana Kagera mwaka 1978 na 1979 sasa ni wa kufundisha ramani na kutunza vitalu.

Wapo pia waliotoka Kongo na Darfur na mambo ambayo hawayasemi. Mlio wa mwanzi unaopasuka motoni, harufu ya moshi usiku, vinaweza kumrudisha mtu mbali. Mwulizeni faraghani, kabla ya msimu wa moto, kama angependa kazi nyingine. Asiyelala siku kadhaa apelekwe kwa daktari. Hospitali ya Mirembe iko hapo hapo Dodoma, ndiyo ya taifa kwa afya ya akili. Jina lake hutaniwa mitaani. Utani huo usifike kazini.

Makingamaji na kupanda

Kwa mistari ya usawa tengenezeni fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mti mmoja wa kukatiza katikati, na kamba kutoka kileleni yenye jiwe la nusu kilo. Isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapokata mti wa katikati. Geuza miguu, kila mmoja uende kwenye kigingi cha mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Fanyeni kazi hii kabla ya saa tatu asubuhi. Upepo ukianza, jiwe linayumba na mistari inapinda.

Fanya juu ni mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukitupwa upande wa juu, na ukingo wa sentimita 20 ukiachwa katikati ili tuta lisirudi mtaroni. Mtu mmoja kwa siku ni mita 3 hadi 4 kwenye udongo mgumu. Penye malisho yaliyobaki upara, chimbeni nusu mwezi wa kipenyo cha mita 4, mdomo ukitazama juu, ncha zote mbili zikiwa kwenye usawa mmoja. Ncha moja ikishuka, maji yote hutokea hapo na kukata.

Miche ipandwe baada ya mvua mbili au tatu za maana, udongo ukiwa umelowa sentimita 30 kwenda chini. Chimbeni mmoja mhakikishe. Mvua ya kwanza ya Novemba hudanganya. Majani makavu ya kufunika yasiguse shina, mchwa hupandia hapo. Miche michache yenye mlinzi: hamsini kwa mtu mmoja inatosha. Februari mvua hukata kwa wiki kadhaa, na mche usio na mtu wa kuumwagilia unafia hapo.

Wiki ya mwisho

Rudini kwenye plani zilezile, pimeni upya, na mtembelee kila kisiki chenye kitambaa. Andikeni hai, kimeliwa, kimelimwa, kimekatwa, na jina la shamba. Barua ya kumthibitisha mwanagenzi itaje kazi alizofanya kwa idadi: visiki, mita za mtaro, plani, siku za moto. Barua ya namna hiyo ina uzito kwa mwajiri au akiomba nafasi katika Chuo cha Misitu Olmotonyi au Chuo cha Nyuki Tabora. Daftari lenyewe libaki kwa katibu wa kamati. Mstaafu akitaka nakala, apige picha kurasa zake.